Uliza Kabla Hujalala

Mwaka 2017 wote nilishona nikiwa nimekalia khanga iliyokunjwa mara nne, na chini ya khanga mfuko wa rambo. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kipo Magomeni, na kazi zangu nyingi ni magauni ya harusi na ya kicheni pati. Mteja akileta satini nyeupe niliitundika ukutani, mbali na kiti changu, nisiiguse mpaka siku zangu ziishe. Lakini zilikuwa haziishi. Zinakwenda siku nane, siku kumi, zinakata kidogo, zinarudi. Pedi ya usiku, ile ndefu, ilijaa ndani ya saa moja, na mabonge yanatoka kama maini. Nikisimama kumpima mteja kifua naisikia inashuka, nanyamaza na tepu mkononi mpaka ipite.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mkwe alisema ni nguvu za uzazi, wa kuhofiwa ni mwanamke mkavu. Kwenye zahanati ya mtaani nilipewa dawa za maumivu. Wa kwanza kunihoji kwa makini alikuwa ustadhati wa madrasa yetu, tena kwa sababu ya ibada. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hedhi haivuki siku 15. Inayozidi hapo ni istihadha, na mwenye istihadha anaoga, anajisitiri, anatawadha na kuswali na kufunga kama wenzake. Nilikwenda kwake nikiwa na deni la saumu nisilojua nalihesabuje. Aliniuliza siku, akaniuliza rangi, akaniuliza inatoka kiasi gani. Akanipa hukumu yangu, kisha akasema, "Mwanangu, sasa hiyo ilikuwa ya dini. Mwili wako ni mgonjwa. Nenda hospitali." Namuombea dua mpaka leo.

Februari 2018, kabla sijapanga safari hiyo vizuri, nilianguka Kariakoo dukani nikichagua leisi. Hospitali walipima wingi wa damu wakakuta 6.9. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa kuanzia 12. Nikalazwa, nikaongezewa chupa mbili, mume wangu na mdogo wake wakaitwa kuchangia benki ya damu. Nikatoka na vidonge vya madini ya chuma na onyo la kutokunywa chai pamoja na chakula, maana chai huzuia mwili kuichukua ile chuma. Kwa mtu wa Pwani kuachanishwa na chai ya rangi na chapati si jambo dogo, lakini niliacha. Nikawa nameza vidonge na chungwa.

Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, mtu mzima wa makamo, alinipiga ultrasaundi akaona kitu ndani ya mfuko wa uzazi. Akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Akaniambia damu nyingi ina vyanzo vingi: inaweza kuwa fibroidi, yaani uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi, ambazo sisi wanawake wa Kiafrika tunazipata sana, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa tatizo la damu kuganda. Mimi alichokiona ni kinyama kilichoota kwenye utando wa ndani, cha kama sentimita 2. "Tutaingia kwa njia ya kawaida," alisema, "hatupasui tumbo. Kamera nyembamba inapita mlango wa kizazi, tunaingiza maji ya chumvi ili mfuko utanuke tuone vizuri, tunakikata kinyama, tunakipeleka maabara. Utalala usingizi, na jioni unarudi kwako." Ila kwanza damu ipande. Nikapangiwa Aprili.

Akili ilimuelewa. Moyo ulikuwa Tanga, kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alikwenda kutolewa uvimbe miaka ya themanini, akiwa na mtoto mmoja kama mimi. Aliamka na mshono tumboni. Siku ya tatu nesi aliyekuja kumbadilisha bandeji akamwambia, kama anayesema habari za mvua, kwamba hatazaa tena maana kizazi kimetolewa. Inawezekana kilitolewa kwa sababu nzuri, labda ndiyo iliyomwokoa. Hakuna aliyemweleza. Mumewe akaoa mke mwingine, na nyumbani kwetu habari ile ilikuwa inasemwa jikoni, kwa sauti ya chini, watoto tukifukuzwa. Nilikuwa na miaka 36 na nilikuwa nataka mtoto wa pili. Kila nilipofumba macho wiki zile, nilijiona naamka, halafu naambiwa siku ya tatu.

Kila niliyemgusia aliniambia neno lile lile: usiogope. Wananipenda, najua. Lakini neno hilo lilinifungia mlango. Nikiambiwa usiogope, siwezi tena kusema naogopa nini. Nikaacha kusema. Chakula hakipiti, usiku nimekaa na simu nasoma vitu vya kutisha, mchana mkasi unatetemeka mkononi. Kulikuwa na vitambaa vingi dukani, Ramadhani ilikuwa inaanza katikati ya Mei na wateja wa Idi walishaanza kuleta. Jioni moja nikakata vipande vya karatasi. Kila kipande nikaandika jina la mteja, vipimo, alicholipa, anachodaiwa, na lini anakuja. Nikakibandika kwenye kila kitambaa kwa pini. Mume wangu alikuja kunichukua, akasimama akasoma kimoja, akasoma cha pili. Akaelewa. Hakusema kitu, akatoka nje akakaa kwenye benchi la muuza mkaa, na niliposhusha mlango alikuwa bado amekaa pale pale. Njia nzima alinishika mkono, jambo ambalo barabarani hajawahi kulifanya.

Katikati ya Aprili Mto Msimbazi ukajaa. Jangwani ikafungwa, mwendokasi yakasimama, watu wa mabondeni wakapoteza nyumba na wengine wakapoteza maisha. Kwa siku mbili tatu nilikuwa na tumaini ambalo halikunipendeza, kwamba labda barabara itanizuia. Maji yakashuka. Hospitali ikapiga simu: Jumatano, saa moja asubuhi, usile wala usinywe kitu baada ya saa sita usiku.

Usiku wa kuamkia Jumatano, shangazi akapiga. Sijui nani alimwambia. Hakuwahi hata mara moja kuzungumza nami habari yake, na mimi nisingethubutu kumuuliza. Alisalimia, akauliza mtoto, akauliza mvua. Halafu akasema:

"Mwanangu, kuna karatasi watakupa uweke sahihi. Uliza kabla hujalala. Mimi sikuuliza. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kuuliza."

Nikamwambia, "Nitauliza, shangazi."

"Uliza mpaka uelewe. Wasikuharakishe."

Alfajiri dada yangu mkubwa alikuja na teksi ya jirani. Alikuwa na miaka 44, si msemaji. Dereva hakutaka kujaribu Jangwani, akazunguka Kinondoni tukapita daraja la Salenda. Nilikaa juu ya khanga hata siku ile, kwa mazoea.

Wodini nilipewa gauni la kijani la kufungwa mgongoni. Pindo lilikuwa limefumuka upande mmoja, uzi unaning'inia, na kamba moja ya mgongoni imeshonewa kwa mkono, mishono mirefu ya mtu asiye na muda. Nililishika lile pindo muda mrefu. Nilikuwa natamani sindano. Nadhani yule aliyewahi kushona atanielewa: mikono ilitaka kazi, kwa sababu isingepata kazi ingetetemeka tu. Nesi akanikuta nalikunja kwa vidole. Akakaa, akachukua pamba na dawa, akaanza kunifuta rangi ya kucha, kidole kimoja kimoja, akinieleza kwamba mle ndani wanakubana kifaa kidoleni cha kuangalia hewa kwenye damu, na rangi inaweza kukidanganya. Akanipima mkojo kuhakikisha si mjamzito. Akapima presha, ikawa juu, akasubiri, akapima tena, bado juu. "Tuiache kwanza, dada," alisema. Hakusema usiogope.

Kisha ikaja karatasi. Jina la upasuaji limeandikwa kwa kalamu, na chini yake mstari uliochapwa: na utaratibu mwingine wowote ambao daktari ataona unafaa.

Nikausoma. Nikaurudia. Nikaweka kalamu chini nikasema nataka kumuuliza daktari. Nesi akasema daktari yuko thieta na ana wagonjwa wengine. Nikasema nitamsubiri. Sauti ilitoka ndogo mpaka nikadhani hakusikia, ndipo dada yangu, ambaye hajawahi kubishana na mtu mwenye sare, akasema, "Tutamsubiri, mama." Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapelekwa kabla yangu. Tukasubiri.

Alikuja na nguo zake za thieta, kofia kichwani. Nilikuwa nimejiandaa aje amekasirika. Akavuta kiti.

"Huu mstari," nikamwambia, "maana yake mnaweza kunitoa kizazi?"

Alinitazama kidogo kabla hajajibu. Akasema kazi ya leo ina hatari zake na atanitajia: naweza kutokwa damu, naweza kupata maambukizi, na mara chache kifaa kinaweza kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi, mara nyingi tundu hilo hujifunga lenyewe, mara chache hulazimika kufungua tumbo kuangalia. Kutoa kizazi, alisema, ni pale tu damu inapokataa kusimama baada ya kujaribu kila kitu, na mtu anakufa mezani. "Kwa kazi kama hii ni nadra sana. Sitegemei leo."

"Na ikitokea, nani ataambiwa?"

"Nitatoka mimi mwenyewe kwa mumeo na dada yako. Ukiamka, nitakuwa wa kwanza kukuambia. Siku hiyo hiyo."

Akachukua kalamu, akaukata ule mstari uliochapwa. Pembeni akaandika kwa mkono: Kizazi kisitolewe, isipokuwa kuokoa maisha, na ndugu waarifiwe. Akaweka sahihi na tarehe, akanigeuzia karatasi. Nikasaini.

Hofu haikuondoka yote. Ila nilikuwa nimetajiwa hatari, moja moja, na mtu ambaye ndiye atakayeshika kifaa, na hatari zilizotajwa zilikuwa na mwisho. Zile nilizokuwa nalala nazo hazikuwa na mwisho. Nesi akapima presha tena, ikawa imeshuka kiasi cha kuruhusiwa. Naamini kabisa kila mwanamke anastahili dakika zile za kiti na kalamu, na anastahili kuzipata bila kulazimika kugoma.

Thieta ilikuwa na baridi kali. Daktari wa usingizi alitafuta mshipa mkono wa kushoto, akaukosa, akaupata wa kulia. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaniuliza suti ya kanzu ya mtoto wa miaka sita inachukua mita ngapi. Nilianza kumjibu.

Nilipozinduka nilikuwa na maumivu ya chini ya kitovu, ya kawaida tu kama ya mwezini, na midomo mikavu. Nikajipapasa tumbo chini ya shuka. Hakuna bandeji. Daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda kama alivyoahidi. "Kinyama kimetoka chote. Kizazi chako kipo, kizima." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nililia mpaka nesi akaja kuangalia kama nina maumivu, na dada akaniwekea simu sikioni, shangazi yuko hewani, na wala sikuweza kumwambia chochote kinachoeleweka. Alikuwa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mfululizo, naye analia.

Jioni ile ile tulirudi Magomeni. Majibu ya maabara yalichukua wiki mbili, nazo zilikuwa wiki ndefu, maana neno saratani lilikuwa limetajwa kama jambo la kuhakikisha. Haikuwa saratani. Mwezi uliofuata nilikwenda siku tano, kwa pedi za kawaida. Vidonge vya chuma niliendelea navyo, na Agosti wingi wa damu ulifika 12.2.

Kuna jambo nililiona siku ya hospitali nikalipita, kwa sababu nilikuwa na yangu. Wakati wa kuvaa kuondoka nilihitaji pedi, na zangu nilizisahau kwenye teksi. Dada akafungua mkoba wake akatoa pakiti ya pedi za wazazi, zile kubwa, imebaki nusu. Kulikuwa na pakiti nyingine chini yake, na khanga imekunjwa.

Siku majibu ya maabara yalipotoka, nilimpitia kwake kumpa habari. Alishukuru Mungu, akaniandalia uji, akakaa. Kisha akauliza yule daktari kliniki yake ni siku gani.

"Jumanne na Alhamisi," nikamwambia. "Ni tangu lini, dada?"

"Tangu mdogo wao alipoanza darasa la kwanza."

Mtoto huyo alikuwa kidato cha kwanza. Jumanne nilifunga duka nikaenda naye, na karatasi ilipoletwa aliishika kwa mikono miwili, akasema anataka kumuuliza daktari.