Nilivyojifunza Kigiriki cha kale ili niisome Rhapta mwenyewe

Nafundisha historia sekondari, Tanga. Kila mwaka nikifika mada ya biashara ya kale ya pwani hukutana na sentensi ileile: mfanyabiashara wa Kigiriki kutoka Misri aliandika, katika karne ya 1, kwamba huku kwetu kulikuwa na bandari iitwayo Rhapta. Kitabu cha kiada kinasema hivyo kisha kinaendelea na mambo mengine. Mwanafunzi akiuliza yule mtu alisema nini hasa, jibu nililokuwa nalo lilikuwa limeshapita mikono mitatu: ya mfasiri, ya mtunzi wa kiada, na yangu. Nikaona nikisome kitabu chenyewe, Periplus (yaani mwongozo wa safari za pwani) ya Bahari ya Eritrea, jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kwa lugha kilichoandikwa.

Kilichonisaidia zaidi ni kujipunguzia mzigo tangu mwanzo. Mshairi Homer na watunzi wa tamthilia wa Athens niliwaweka kando. Habari za pwani yetu, ambayo mwandishi anaiita Azania, zimo katika vifungu vinne tu, cha 15 mpaka cha 18, na vyote havijazi kurasa tatu za chapa. Nilijifunza Kigiriki cha kunivusha kurasa hizo. Wataalamu watacheka, lakini mtu mwenye vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha hana namna nyingine.

Mwalimu nilimpata mtaa wa pili. Ni mchungaji wa Kilutheri aliyestaafu, aliyesoma Kigiriki chuo cha theolojia ili awe na uwezo wa kuisoma Injili kwa lugha yake. Mimi ni Mwislamu, na nilipomweleza haja yangu alicheka sana, akasema, “Mwalimu, wanafunzi wangu wa zamani walikimbia somo hili, wewe unalifuata nyumbani kwangu?” Kigiriki alichokijua ndicho hasa nilichokihitaji. Injili na Periplus ni vya karne moja, na vyote vimeandikwa kwa koine, ile lugha ya kawaida iliyotumika masokoni na maofisini kuanzia Misri mpaka Asia Ndogo. Tukaanza na Injili ya Yohana, kwa sababu sentensi zake ni fupi na maneno yanajirudiarudia. Alfabeti ya herufi 24 haikunisumbua kabisa. Wanaoogopa lugha hii kwa sababu ya sura ya herufi zake wanaogopa kitu kidogo kuliko vyote.

Kazi ilikuwa kwenye nomino. Nomino ya Kigiriki hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na hapo ndipo wengi wanaotokea Kiingereza hukwama. Mimi nilikuwa na akiba. Utotoni nilisomeshwa nahau ya Kiarabu chuoni, yaani madrasa, na mtu aliyekaririshwa marfuu, mansubu na majruri, zile hali tatu za nomino ya Kiarabu, hawezi kushtushwa na neno linalogeuka mkia. Kigiriki kimeongeza mikia mingine juu ya hiyo, lakini wazo ni lilelile. Upatanisho wa vivumishi nao haukunipa tabu: anayesema “vitabu vizuri vyangu vile” tangu anaota meno hana la kushangaa akiona kivumishi kinavaa vazi la nomino yake. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia vijana wetu wakijikatia tamaa kwamba Kigiriki na Kilatini ni vya watu wa Ulaya. Kwa sarufi hii, mtoto wa pwani aliyepita chuoni anaanza mbele ya mtoto wa London.

Kilichonitoa jasho ni zile sentensi ndefu ambazo vitenzi vyake vimevaa sura ya vivumishi na kufuatana kama punda kwenye njia nyembamba. Mchungaji alikuwa na dawa moja: tafuta kwanza kitenzi kikuu, kipigie mstari, ndipo uulize kila neno lililobaki linamfuata nani. Hadi leo nafanya hivyo kwa penseli.

Vifaa havikuwa tatizo. Kamusi kubwa ya Liddell na Scott, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843 na kurekebishwa baadaye na Jones, inasomeka bure mtandaoni, na katika maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts unagusa neno linakuambia mzizi wake na umbo lake. Matini ya Periplus niliipata kwenye chapa ya Karl Müller ya mwaka 1855, ambayo imepigwa picha na haina tena hakimiliki. Hapo nikagonga ukuta mwingine: Müller aliweka Kigiriki upande mmoja, tafsiri ya Kilatini upande wa pili, na maelezo yote chini kwa Kilatini. Wasomi wengi wa zama zake hawakuona haja ya lugha nyingine. Bahati nzuri pale shuleni kuna mwenzangu wa hesabu aliyesoma seminari ndogo, na Kilatini chake kilikuwa bado hai. Wakati wa chai alinielekeza tamati za majina na vitenzi, nami baada ya muda nikawa nayapapasa yale maelezo peke yangu. Maelezo ya Kilatini cha kisomi ni mepesi kuliko mtu anavyodhani, maana misemo ni ileile: “muswada unasema hivi”, “fulani alirekebisha hivi”, “neno hili limeachwa”.

Na ni chini kwenye yale maelezo nilipoona mambo ambayo kiada hakijawahi kuniambia.

Periplus imetufikia kwa muswada mmoja, yaani nakala ya mkono, wa karne ya 10, ambao uko maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Upo mwingine London, lakini huo ni nakala ya huohuo, kwa hiyo hauongezi ushahidi. Wa Heidelberg wenyewe umetangatanga: mwaka 1623 ulichukuliwa kama ngawira ukapelekwa Roma, wakati wa Napoleon ukafika Paris, na mwaka 1816 ukarudi. Picha zake ziko wazi kwa kila mtu. Kati ya mwandishi na mnakili huyu kuna zaidi ya miaka 800, na mnakili hakuwa na habari ya Azania wala bandari zake. Hata jina la mtunzi alilikosea, akampa kazi hii Arrian, ambaye aliandika safari ya Bahari Nyeusi. Mtunzi halisi hajitaji jina. Tunajua tu kuwa ni mtu wa Misri, kwa sababu mahali fulani anazungumzia utomvu wa miti ya “kwetu Misri” na anaitaja miezi kwa jina la Kirumi na la Kimisri pamoja. Pia anamtaja mfalme Malichas wa Wanabatea, Waarabu wa Petra, na Malichus wa pili alitawala kuanzia mwaka 40 hadi 70. Ndipo panapotoka ile “karne ya 1” ya kiada.

Sasa tazama kisiwa. Kila mtu anasema Periplus inataja kisiwa cha Menouthias, kisha wanagombana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Nilifungua muswada kwenye simu, nikaukuza. Mahali ambapo jina lingekuwepo pana mfululizo wa herufi usio na mwanzo wala mwisho: eitenediommenouthesias. Sehemu ya katikati inafanana na jina hilo, lakini “Menouthias” safi tunayoisoma kwenye chapa imenyooshwa na wasomi, wakisaidiwa na Ptolemaio wa Aleksandria, ambaye karne moja baadaye alikiandika kisiwa hicho vizuri katika Jiografia yake. Mimi nakubali urekebishaji huo, ni mzuri. Ila mtu akisimama jukwaani kudai kila herufi ya jina hilo ni ushahidi kwamba ni kwao, sasa najua pa kumwekea breki.

Pabaya zaidi ni kifungu cha 16, kinapoeleza watu wa Rhapta. Kinasema ni watu wenye miili mikubwa sana, halafu linafuata neno horatoi, ambalo kwa jinsi lilivyo lina maana ya “wanaoonekana”. Watu wakubwa wanaoonekana! Haileti maana, kwa hiyo wahariri wengi wamejaribu kuliponya. Schoff, aliyetafsiri kwa Kiingereza mwaka 1912, alifuata waliolisoma kuwa ni maharamia. Casson, katika tafsiri yake ya mwaka 1989, akafuata wanaolisoma kuwa ni wakulima. Herufi zinakaribiana kiasi cha kuruhusu yote mawili. Fikiria basi: kwa muda mrefu waliotutangulia kwenye pwani hii wameingia vitabuni kama wanyang'anyi wa baharini kwa nguvu ya neno ambalo halimo kwenye muswada. Binafsi naona wakulima wanaingia vizuri zaidi pale, maana sentensi inaendelea kusema kwamba kila mahali watu hao wana mkubwa wao, lakini siapi.

Ambayo hayana mgogoro ndiyo yaliyonifurahisha. Kisiwa ni cha chini, kina miti, mito na ndege wa kila aina, na kobe. Mamba wapo ila hawadhuru mtu. Pana vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, vya kuvulia samaki na kasa, na hao kasa hunaswa pia kwa vikapu vya kusuka vinavyowekwa badala ya nyavu kwenye milango ya maji. Mfasiri wa Ulaya anahitaji tanbihi kueleza hivyo vikapu. Mimi nimelelewa na babu aliyekuwa akisuka madema kwa fito chini ya mwembe, nikayaona mara moja. Mchungaji alinizuia nisiruke na furaha: mtego wa kusuka upo kwenye bahari nyingi duniani, na kufanana kwa chombo si hati ya ukoo. Ana haki.

Kifungu cha 17 ni orodha ya bidhaa, na kwa mwalimu wa historia ni dhahabu. Zinazoingia: mikuki iliyotengenezwa Mouza, bandari ya Waarabu kwenye Bahari ya Shamu, mashoka, visu, sindano za kutobolea na aina za vitu vya kioo. Mahali pengine huletwa mvinyo na ngano nyingi, naye anasema wazi kwamba hizo si za kuuza bali za kuwapendeza wenyeji. Zinazotoka: pembe nyingi za ndovu, ingawa duni kuliko za Adulis, bandari iliyokuwa Eritrea ya leo, pembe za kifaru, na magamba ya kasa yanayoshindwa na ya India tu. Kifungu cha 16 kinasema pia kwamba watu wa Mouza hutuma vyombo vyenye manahodha Waarabu walioizoea nchi, waliooa huko na wanaojua lugha ya wenyeji. Lugha gani, hasemi. Nimewasikia wanaoweka Kiswahili papo hapo. Kigiriki hakiwaruhusu.

Darasani sasa nawaandikia wanafunzi ile orodha ubaoni, nikiiita kwa Kiswahili nilichokitoa mwenyewe kwenye Kigiriki, kisha nawaambia neno moja la kifungu cha 16 limeharibika na wachague kati ya maharamia na wakulima kwa kutoa sababu. Wanagombana vizuri mno. Mmoja aliniuliza kwa nini Wagiriki wasiandike upya. Nilimpa picha ya muswada aitazame.

Nimehamia kwa Ptolemaio. Kigiriki chake ni chepesi kuliko cha Periplus, maana sehemu kubwa ni majina ya mahali na vipimo vyake vya longitudo na latitudo, Rhapta ikiwemo. Shida iko kwenye tarakimu. Wagiriki waliandika namba kwa herufi, alfa ni 1, iota ni 10, kapa ni 20, na miswada ya Jiografia ni mingi nayo haikubaliani. Mnakili akiteleza herufi moja, mji unahama digrii kadhaa, kutoka ufukweni hadi katikati ya bahari. Chapa mpya ya Stückelberger na Graßhoff, iliyotoka mwaka 2006, imeziweka tofauti hizo mahali pamoja, lakini maelezo yake ni ya Kijerumani, na mtaani kwangu bado sijampata anayekijua.