Mwisho wa Foleni, Bardonecchia

Begi la skii ni adui wa treni. Linamzidi mwenyewe urefu, haliingii juu ya viti wala chini yake, na kila abiria anayepita anaruka huku akikutupia jicho. Ndivyo tulivyopanda Bonde la Susa, mimi na kocha, Januari 2025, kutoka stesheni ya Porta Nuova mjini Torino kwenda Bardonecchia. Waandaaji wa mashindano ya skii tuliyokuwa tunaenda kushiriki walikuwa na mabasi ya wanamichezo, ila ndege yetu ilichelewa na basi likaondoka bila sisi.

Kwa kweli ilikuwa heri. Vitongoji vikiisha tu, milima inakusogelea pande zote mbili, na juu ya mlima Pirchiriano unaiona Sacra di San Michele, abasia ya mawe iliyokaa pale kwa takriban miaka elfu moja kana kwamba aliyeijenga hakutaka wageni. Mbele zaidi kuna ngome ya Exilles. Kisha unafika Bardonecchia, mita 1,312 juu ya usawa wa bahari, stesheni ya mwisho ya Italia kabla ya handaki la Fréjus lililofunguliwa mwaka 1871 kuelekea Ufaransa. Siku zile ilikuwa mwisho wa reli kwelikweli: maporomoko ya Agosti 2023 upande wa pili wa mpaka yalikuwa yamekata njia, na treni hazikuvuka tena hadi mwishoni mwa Machi 2025. Abiria wote wakashuka, begi letu likapata nafasi.

Tulikuwa tumekuja kwenye Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu ya majira ya baridi, iliyofanyika tarehe 13 hadi 23. Torino ina haki ya kujivunia michezo hii, kwa sababu ndiko ilikoanzia ile ya majira ya joto mwaka 1959, chini ya Primo Nebiolo, kiongozi wa michezo Mwitaliano. Ya baridi ikafuata Chamonix mwaka 1960. Michezo ya barafu kama kuteleza kwa madaha ilibaki mjini, sisi wa skii tukapelekwa milimani. Sherehe za ufunguzi sina la kusema juu yake. Nilisimama, nikapunga mkono, miguu ikaganda.

Kinachoitofautisha na mashindano mengine ni kwamba kila aliyepo ni mwanafunzi, au amehitimu karibuni, na Januari vyuo vingi viko kwenye mitihani. Asubuhi kwenye ukumbi wa chakula hotelini, kompyuta zilikuwa nyingi kuliko sahani. Kuna mmoja alikuwa anasahihisha tasnifu yake huku fundi wa skii wa timu yake akimsubiri mlangoni na skii begani. Mimi nilikuwa na mtihani wa takwimu, na niliubeba mlimani kama kila mtu alivyobeba wake.

Lakini takwimu iliyonikosesha usingizi haikuwa ya chuo. Kwenye skii za milimani, kila mwanamichezo ana alama za FIS, Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, na alama zikiwa chache ndivyo ulivyo bora. Hesabu yenyewe si ngumu: chukua muda wako, gawanya kwa muda wa mshindi, toa moja, halafu zidisha kwa 1,010 ikiwa ni slalomu kubwa, mbio niliyoijia, ya kushuka mlima ukipinda kwenye malango ya bendera. Ukimaliza asilimia 10 nyuma ya mshindi, tayari una alama 101, na juu yake unaongezewa penalti inayotegemea ubora wa walioshiriki. Alama hizo ndizo zinazopanga foleni ya kuanza. Kumi na tano bora wanagawiwa namba 1 hadi 15 kwa bahati nasibu. Wengine wote wanafuatana kwa alama zao. Mimi nilikuwa miongoni mwa watano wa mwisho.

Mtu asiyeujua mchezo huu anaweza kuuliza ubaya uko wapi, kwani si kila mtu anapimwa kwa saa ileile, kwenye mlima uleule? Saa ni ileile, ndiyo. Kuhusu mlima, subiri kidogo.

Usiku wa kuamkia mbio nilikuwa chini ya hoteli, kwenye chumba cha skii, nikinoa. Timu kubwa zina mafundi wao, wana meza, taa, pasi za nta na masanduku ya tupa yaliyopangwa kwa ukubwa. Sisi tulikuwa na kona. Ukingo wa chuma wa skii ya mbio unanolewa kwa pembe, wangu ubavuni nyuzi 87, na ukipitisha ukucha juu yake unapaswa kukwangua utepe mwembamba mweupe wa kucha. Usipokwangua, rudia. Niliporudia sana, fundi wa timu ya jirani, mzee mwenye aproni iliyojaa matone ya nta, alikuja bila kuulizwa, akaushika ukingo, akatikisa kichwa, akanipa jiwe lake la kunolea, lenye almasi. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinionyesha kwa kidole: sentimita chache za mwisho, kule mkiani, bado. Kisha akanusa nta yangu na kucheka. Nadhani alikuwa anakagua kama ina florini, kemikali ya kuongeza mwendo, maana FIS iliipiga marufuku kuanzia msimu wa 2023/24 na kila fundi wa rika lake alikuwa bado anaiomboleza.

Asubuhi yake tuliruhusiwa kukagua njia. Ukaguzi una sheria: namba ionekane kifuani, na hairuhusiwi kupita kwenye malango kwa mwendo wa mbio, unashuka kwa ubavu, polepole, kando ya bendera nyekundu na bluu zinazopokezana. Kocha alishuka nami akisimama kila baada ya malango machache.

“Hapa unaona nini, binti?”

“Ukingo wa kilima, kisha lango limejificha nyuma yake.”

“Basi ulijue kabla hujaliona. Anza kugeuka ukiwa bado huku juu.”

Theluji ilikuwa imenyweshwa maji na kuachwa igande, kama inavyofanywa kwenye njia za mbio ili isibomoke mapema. Ukiigonga kwa fimbo, inajibu kwa mlio. Watazamaji hudhani tunapenda theluji laini ya kwenye kadi za posta. Kwa mbio, theluji laini ni balaa. Tulipofika chini nilifumba macho, nikaipitia njia yote kwa kiganja cha mkono, kushoto, kulia, ule ukingo, tambarare, malango manne ya haraka, mstari wa kumalizia. Pembeni yangu walikuwa wengine wengi wamefumba macho na kupunga viganja hewani. Asiyejua angetuombea.

Halafu unasubiri. Hii ndiyo sehemu ambayo matangazo ya televisheni hayaionyeshi, kwani kamera zimeshazimwa. Wa kwanza wameshuka, wamepumzika, wamekula, na wewe bado uko juu unazungusha mikono damu isilale. Suti ya mbio ni nyembamba, imebana, haina mfuko wala huruma. Unavaa koti na suruali nene juu yake hadi wakiwa wamebaki watatu au wanne mbele yako, kisha unavua. Wenye timu kubwa wana mtu wa kubeba nguo zao hadi chini. Kocha wangu alikuwa kando ya njia na redio, kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi wa kijinga kabisa: koti langu litashukaje? Mwanafunzi wa kujitolea, kijana mwenye masharubu yaliyoganda, aliliweka kwenye mfuko pamoja na ya wengine wasio na watu, akaandika namba yangu kwa kalamu nene, akaniambia kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba litanitangulia. Halikunitangulia, ila lilifika.

Wakati ule nilimfikiria Lamine Guèye wa Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, Sarajevo mwaka 1984, akiwa kwenye skii hizihizi za milimani. Baadaye alipinga sana masharti ya kufuzu yaliyokuwa yanawafungia nje watu wa nchi ndogo. Hoja ya upande wa pili ni kwamba mlima ni hatari na mtu asiye na uwezo ataumia. Zote mbili nazielewa. Ila nikiwa pale juu, nimevua koti, nilikuwa upande wa Guèye bila kigugumizi.

Skii zikawekwa mlangoni, fimbo zikachomekwa mbele ya kijiti cha kuanzia, kile kinachofungua saa muundi wa mguu ukikisukuma. Milio ya kuhesabu ikaanza. Nikasukuma.

Malango matatu ya kwanza yalikuwa kama nilivyoyakariri. La nne ndilo lililonikaribisha kwenye mbio ya watu wa mwisho. Kulizunguka kulikuwa na mfereji, umechimbwa na skii za wote walionitangulia, kina cha kifundo cha buti, sakafu yake barafu ya kijivu inayong'aa na kingo zake vipande vilivyovunjika. Mstari niliokuwa nimeuchagua asubuhi ulipita nusu mita juu ya mfereji huo, na haukuwapo tena. Ukijaribu kuufuata, skii ya nje inadondokea ndani katikati ya kona, inakubana hadi goti linagusa kifua, kisha inakurusha nje. Inabidi uingie mferejini mapema, ukubali umbo lake, na usubiri. Kusubiri kwenye mwendo kama huo ni kazi kuliko kugeuka. Skii zilikuwa zinatetemeka hadi meno yakagongana, na sauti ilikuwa ya mtu anayekokota meza ya chuma sakafuni.

Kila lango lina mfereji wake. Kwenye mteremko mkali ni mirefu na inageukia chini kwa ghafla, kwa sababu hapo kila mtu amechelewa na amebana breki. Kwenye tambarare ni mifupi na unaweza kupumua. Nikafika ule ukingo wa kocha, nikaanza kugeuka kabla sijaliona lango, na lilikuwa pale pale. Kwenye yale manne ya haraka nilichelewa, mkono wa ndani ukagusa theluji, nikainuka. Mstari.

Ubao ulisema niko sekunde nyingi nyuma. Chini ya jina langu yalikuwepo majina mengine, ya walioanguka na ya walioanza baada yangu. Nilikaa sana nikiangalia muda wa kiongozi, si kwa uchungu. Aliushuka mlima laini ambao mimi sikuwahi kuuona.

Mbio hii ina awamu mbili. Ya pili njia hupangwa upya, na thelathini bora wa kwanza huanza kinyumenyume, wa 30 mbele, aliyeongoza nyuma yao. Sisi wengine tunafuata kwa nafasi zetu. Kwa hiyo hata kiongozi hukutana na mifereji ya watu ishirini na tisa, na ndiyo maana awamu ya pili inatazamika. Wakati huo mwanga ulikuwa umefifia, bonde lile lina vivuli vya mapema, na mashimo hayaonekani hadi uyakanyage. Niliacha kuchagua. Niliifuata mifereji tangu lango la pili, nikiwaachia waliotangulia waniamulie njia, nikashuka vizuri kuliko asubuhi.

Kocha alikuja mbio na redio yake.

“Leo umeteleza kama mtu wa mwisho,” alisema, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Mbio za wenye ulemavu tulizitazama pia, maana Torino ndiyo iliyowaingiza kwa mara ya kwanza kwenye michezo hii ya vyuo, kwenye skii za milimani na za nyika. Skii ya kukalia ya milimani ina kiti juu ya skii moja tu, na fimbo mbili fupi zenye skii ndogo ncha zake. Lakini walionipigilia mguu chini ni wasioona. Kiongozi wao anayeona anatangulia malango mawili hivi, anaongea kwenye kipaza sauti cha kofia bila kukoma: sasa, sasa, kaza, tambarare, barafu. Anayefuata anashuka kwa sikio. Mmoja alipita karibu nasi, nikasikia kiongozi wake akitaja mfereji kabla ya kufika, na yule nyuma akaukunja goti tayari. Nilitamani kuazimwa sauti ile.

Slalomu ya malango yaliyo karibukaribu ilifuata, niliruka lango mapema, hadithi ikaishia hapo.

Matokeo rasmi yalipotoka, kocha alipiga hesabu kwenye simu kabla sijamaliza kufungua buti. Muda wangu, kugawanya kwa wa mshindi, kutoa moja, mara 1,010, kuongeza penalti. Akairudia. Zilikuwa alama chache kuliko zote nilizowahi kupata, za kuniondoa kwenye kundi la watano wa mwisho kwa mbio zitakazofuata. Alianza kunionyesha orodha, jina kwa jina, ya watu nitakaoanza mbele yao mwezi ujao.

“Kocha,” nikamwambia, “mtihani ni keshokutwa.”

Akatazama saa, akatazama begi la skii. Treni ya kushuka Torino ilikuwa imebakiza dakika ishirini, na safari hii alisema nilale mimi kwenye korido, begi likae kwenye kiti.