Programu Huria, Programu za Kulipia na Mabishano Yangu na Shemeji

Kila tunapokutana kwa chakula cha Jumapili, sahani ya pilau haiishi kabla mimi na shemeji yangu hatujarudi kwenye ubishi uleule: programu zipi za kompyuta zinafaa zaidi, huria au za kulipia. Yeye ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, anatumia Windows pamoja na programu ya uhasibu ambayo mwajiri wake huilipia kila mwaka. Mimi, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ninatumia Debian, mfumo mmojawapo wa familia ya Linux unaoshika nafasi ya Windows, kwenye kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilikufa zamani. Yeye ananiona kama mfuasi wa madhehebu ya ajabu, na mimi, nakiri, nimekuwa nikimwona kama mpangaji anayedhani nyumba ni yake. Ninaandika haya kwa sababu nimegundua kwamba muda wote huo tumekuwa tukibishania bei, ilhali bei ndiyo sehemu ndogo kabisa ya jambo lenyewe.

Sehemu ya kosa ni ya lugha, na safari hii lugha yenye kosa ni yetu. Richard Stallman, mtunzi wa programu wa Kimarekani, alipotangaza mwezi Septemba 1983 mradi wa GNU, wa kutunga mfumo wa kompyuta ambao kila mtu yuko huru kuutumia na kuubadili, alijikuta na neno moja la Kiingereza, “free”, lenye maana mbili, huru na bure, na hadi leo bado analifafanua. Sisi tulijaliwa maneno mawili yaliyo wazi kabisa, kisha mitaani tukachagua lile baya. Na “bure” ya Kiswahili haiishii kwenye kukosa bei: kazi bure ni kazi iliyopotea, na mtu bure ni mtu asiyefaa kitu. Ukimwambia mfanyabiashara kwamba umemletea programu ya bure, umeshaishusha hadhi kabla hajaiona. Wasomi wametupa istilahi nzuri, “programu huria”, lakini sijawahi kuisikia ikitamkwa na fundi hata mmoja.

Uhuru wenyewe ulianzia kwenye jambo dogo la kuudhi. Katika maabara ya akili unde ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, ambako Stallman alikuwa akifanya kazi, kulikuwa na printa ambayo yeye aliirekebishia programu yake ili ikikwama karatasi iwaarifu watu waliokuwa wakiisubiri. Ikaletwa printa mpya ya Xerox, nayo ikawa na tabia hiyohiyo ya kukwama, ila safari hii hakupewa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo bila hayo huwezi kuirekebisha. Alipomfuata mtu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, alinyimwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameahidi kutoutoa. Hapakuwa na suala la fedha hata kidogo katika kisa hicho. Kulikuwa na printa iliyokwama, mtu mwenye ujuzi wa kuitengeneza, na ahadi iliyomzuia. Haki ambazo Shirika la Programu Huria (Free Software Foundation), alilolianzisha Stallman, lilikuja kuziandika baadaye, yaani kuitumia programu kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadili, kuigawa, na kuwagawia wengine toleo ulilolibadili, zote zinasomeka ndani ya kisa hicho kimoja.

Nikimsimulia shemeji habari hizi, hunijibu kwa swali ambalo lilinichukua miaka kulielewa: “Sasa shemeji, Windows hapa mtaani nani anainunua?” Ana haki ya kuuliza. Katika nchi zetu, mpinzani wa Linux hajawahi kuwa Windows iliyolipiwa dukani. Mpinzani wake ni nakala ambayo fundi anaipakia kutoka kwenye flashi yake, pamoja na Office na michezo miwili mitatu ya nyongeza, kwa gharama ya ufundi tu. Hoja ya bei inayowafaa watu wa Ulaya hapa haina miguu. Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, kampuni yenye Windows, ambaye mwaka 1976 aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta kuwalaumu kwa kunakili programu bila kulipa, alifika mwaka 1998 akizungumzia China na kusema kwamba maadamu watu wataiba, afadhali waibe za kampuni yake, kwa sababu watazizoea na njia ya kuwatoza itapatikana baadaye. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi soko linavyotekwa. Kwa hiyo huwa namwambia shemeji kwamba nakala ya wizi si bure: analipa kwa mazoea, na mazoea hayo mwajiri wake atayanunua tena kwa leseni.

Hata hivyo upande wangu una aibu zake, na iliyoniuma zaidi ilinipata kwenye steshenari. Nilikuwa nimeandika barua ya maombi ya kazi kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, nikaihifadhi katika muundo wake wa ODT, nikaenda kuichapisha dakika ishirini kabla ofisi haijafungwa. Dada wa steshenari alichomeka flashi, faili likafunguka likiwa limevurugika, jedwali likiwa limehamia ukurasa wa pili na saini yangu ikining’inia peke yake chini ya karatasi tupu. Akaniambia kwa upole, “Kaka, faili lako lina virusi.” Ningeweza kumweleza kwamba muundo ule ulikuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2006, na kwamba flashi ya mteja aliyenitangulia, iliyojaa shotikati badala ya mafaili, ndiyo yenye virusi. Maelezo hayo yangekuwa kweli tupu, na barua ingebaki kuwa mbovu. Tangu siku hiyo siendi popote bila PDF.

Nilidhani hilo ni tatizo la mitaa yetu hadi niliposoma habari za jiji la Munich. Jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha karibu kompyuta 15,000 za watumishi wake. Mwaka 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Kila upande hulitaja jiji hilo kama ushahidi wake: wangu husema kwamba ni siasa, wa shemeji husema kwamba ni uthibitisho. Ninavyosoma mimi, kulikuwa na siasa za kutosha, na pia idara ya kompyuta iliyogawanyika vipande vipande, lakini malalamiko yaliyojirudia ya watumishi wa kawaida yalikuwa juu ya hati zinazotoka nje na zinazokwenda nje kuvurugika. Jiji zima lilikwama palepale nilipokwama mimi, mbele ya kaunta ya steshenari. Programu anayoitumia mwenzako ni sehemu ya programu unayoitumia wewe, na hakuna leseni huria inayoweza kulibadili hilo. Mwaka 2020 watawala wapya wa jiji walikubaliana kuzipa tena programu huria kipaumbele pale inapowezekana, kwa hiyo ubishi huko nao haujaisha.

Hoja nzito kuliko zote za shemeji si hii, bali ni ile ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT. “Nikikwama saa nne usiku,” huniuliza, “kati yako na wenzako wa Debian nampigia nani?” Yeye ana namba ya wakala wa programu yake, na wakala hupokea simu kwa sababu amelipwa kupokea. Nilikuwa nikimjibu kwamba programu huria ina maelfu ya macho yanayoitazama. Niliacha kujibu hivyo mwezi Machi 2024, lilipoibuka suala la xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika karibu kila mfumo wa Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amemsaidia mtunzaji wake kwa zaidi ya miaka miwili, mtunzaji aliyekuwa akiifanya kazi hiyo peke yake bila malipo na ambaye alikwisha kusema wazi kwamba amechoka, hadi akaaminiwa kutoa matoleo, kisha akapenyeza mlango wa siri. Mlango ule uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta iliyo mbali, kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde hivi.

Upande wangu hufurahi kusema kwamba Freund aliweza kufuatilia ucheleweshaji ule hadi mwisho kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na ni kweli. Upande wa shemeji ungeweza kusema kwamba mhandisi huyo ni mwajiriwa wa Microsoft, nayo ni kweli vilevile. Linalonikaa mimi moyoni ni yule mtunzaji aliyechoka. Makampuni yote makubwa yalikuwa yakiegemea kazi yake, na sisi wapenda uhuru tulikuwa tukiijumlisha katika “maelfu ya macho” huku tukiwa hatujawahi kuifungua.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria upya Jambo OpenOffice. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilikuja na Kiswahili chake kwa ajili ya Windows na Office, na mimi nilizoea kulisimulia hilo kama ushindi: kampuni iliamka baada ya walimu na wanafunzi kuamka. Sasa ninaliona na upande wake wa pili. Haki ya kutafsiri haitafsiri kitu. Kila toleo jipya la programu huleta maneno mapya ya kufasiriwa, na lazima awepo mtu wa kuketi mwezi hata mwezi na kuamua neno gani lisimame mahali pa neno gani. Mimi, bingwa wa mabishano ya Jumapili, sijachangia hata mstari mmoja.

Juu ya lugha ambayo wenzangu huitumia kwa wageni, wakimwambia anayeuliza swali akasome kwanza maelekezo ya Kiingereza kurasa hamsini, sitasema mengi. Ni ufidhuli, na umeturudisha nyuma kuliko kampuni yoyote.

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na kompyuta ya nyumbani ya shemeji, ya mtumba kama yangu, haina prosesa inayokubaliwa na Windows 11. Ni nzima, inawaka, inafanya kazi zote alizoinunulia, lakini mwenye mfumo amekwisha kuihukumu kuwa mzee. Alikuja nayo mwenyewe, akaiweka mezani pasipo salamu ndefu, akasema niwawekee watoto hiyo Linux yangu, ila ile ya kazini nisiiguse. Ilinichukua saa moja na nusu, printa ikiwa imekula saa nzima ya hizo. Alipokuwa akiondoka aliuliza tena, safari hii bila kejeli, watoto wakikwama wampigie nani. Nikamwambia wanipigie mimi. Hadi sasa wamepiga mara tano, na mara nne ilikuwa ni juu ya printa.