Mchanga upi kwa kioo kipi

Vijana wanaoanza kazi ya mabango ya vioo hawaniulizi sana habari za mashine. Mashine wameshapata, au wana fundi wa kuwachomelea. Wanachouliza ni: "Fundi, wewe unatumia mchanga gani?" Na kabla sijafungua mdomo wanaongeza: "Maana huku kwetu wa mto umejaa tele."

Nimeamua kuliandika jibu hapa ili mwingine akipiga simu nimtumie linki, niendelee na kazi.

Kwa asiyenijua, niko Keko, Dar es Salaam. Nachora vioo: vibao vya ofisi za mawakili, milango ya zahanati, kaunta za mapokezi ya hoteli, na siku hizi zaidi yale mabango ambayo taa ya LED inafichwa chini ya kioo, maandishi yanawaka yenyewe. Kazi yote hiyo inafanywa na upepo wa kompresa unaosukuma punje kupitia nozeli. Tunaziita zote mchanga, hata zile ambazo mtoni hazijawahi kufika.

Tuanze na huo wa mto tuumalize. Kukata unakata, sibishi. Punje zake nyingi ni madini ya kwatzi, ambayo kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 mpaka 10, ni 7, na kioo cha kawaida kiko kwenye 5.5 hivi. Tena Mmarekani Benjamin Tilghman alipopata hataza ya mashine ya kupuliza mchanga mwaka 1870 alikuwa anatumia mchanga wa kwatzi, na kuchora vioo ni moja ya kazi alizozitaja. Ubaya wake ni kwamba punje ya kwatzi ikigonga kioo inasambaratika palepale. Inabaki vumbi jembamba ambalo macho hayalioni na pua haiwezi kulizuia. Linashuka mpaka mwisho wa mapafu, linatia makovu, na makovu hayo hayatoki. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Dawa ya kuuponya hakuna, na mwenye nao TB inamkamata kirahisi kuliko wengine. Uingereza waliukataza mchanga huu kwenye kazi za kupuliza viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Mwaka 1997 IARC, wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya WHO, waliliweka vumbi la kwatzi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote. Uturuki nao walipiga marufuku mwaka 2009 kupauza jinzi kwa mchanga, baada ya vijana wengi wa viwanda hivyo kuugua, wengine kufa, na wengi wao umri haujafika hata miaka thelathini. Jinzi zenyewe zilikuwa za fasheni. Sijui ngapi zilimalizia safari kwenye mitumba ya Mchikichini.

Kuna mmoja alinijibu, "Mzee wangu, mimi nafunga leso puani." Nikamwambia leso inazuia nzi. Vumbi la hapa linataka barakoa yenye vichujio vyake, inayobana uso, na hata hiyo si ruhusa ya kutumia mchanga wa mto. Mchanga wowote utakaoutumia, barakoa vaa na kibanda cha kupulizia kifunge.

Mteja wangu mmoja wa Paje, Zanzibar, yeye alinipa ushauri wa kirafiki kabisa: kwa nini nisichukue ule mchanga wao mweupe wa pwani, laini, na bure? Ule asili yake ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ugumu wake ni 3 mpaka 4 tu, kioo kinaushinda. Ungepuliza mpaka magharibi na kioo kingekuwa kimeoshwa tu, tena kwa chumvi.

Sasa tuje kwenye mchanga wa kununua. Mimi natumia wa aina mbili. Wa kwanza ni oksidi ya alumini, ile ya kahawia, ambayo kwa kifupi naiita alumini. Ugumu wake ni 9, haivunjiki ovyo, unaipuliza, unaizoa, unaichekecha, unairudisha tena na tena. Ipo na nyeupe, ambayo ni safi zaidi na inavunjika kirahisi zaidi. Kwa kioo sijaona cha kunifanya niongeze hela kwa ajili yake. Wa pili ni silikoni kabaidi, ule mweusi. Huo ni mgumu zaidi ya alumini kidogo, uko kati ya 9 na almasi ambayo ndiyo 10. Mmarekani Edward Acheson ndiye aliyeanza kuutengeneza kwa wingi miaka ya 1890, kwa kupika mchanga na makaa pamoja ndani ya tanuri la umeme, akauita carborundum. Kama umewahi kushika msasa wa maji, ile karatasi nyeusi ya wapiga rangi wa magari, basi tayari umeushika.

Nina lenzi ndogo ya sonara, ile ya kubana jichoni. Nikipokea mfuko mpya namwaga kidogo kwenye karatasi nyeupe nauangalia. Alumini ya kahawia unaiona ina vipande vinene, pembe zake butu kiasi, rangi ya sukari guru. Silikoni kabaidi ni vigae vyembamba vyeusi, vina ncha, vingine vinametameta bluu na kijani ukigeuza karatasi kwenye mwanga. Angalia na mchanganyiko wa ukubwa. Mfuko ukiwa umeandikwa 150, yaani namba ya ukubwa wa punje, halafu ndani unaona punje kubwa zimekaa pamoja na unga, rudisha, kwa sababu hiyo punje moja kubwa ndiyo itakayotoboa stika yako, ile inayoziba sehemu zisizochorwa, katikati ya jina la mteja.

Hapo kwenye namba ndipo watu wanapotapeliwa, au wanajitapeli. Namba inatokana na matundu ya chekecheo kwenye inchi moja, kwa hiyo ikipanda, punje inapungua. Namba 80 ina punje za milimita 0.18 hivi. Namba 120 ni kama 0.1. Namba 220 ni 0.06. Stika ya kawaida tunayokata kwa mashine ina unene wa karibu milimita 0.08. Piga hesabu: punje ya 80 ni nene mara mbili ya stika inayotakiwa kuizuia. Stika inajitetea kwa kuwa laini, punje inadunda, wakati kioo hakina ulaini wowote, kila punje inaacha ufa mdogo, nyufa zinakutana, kigae kinatoka. Ila ulaini nao una mwisho wake. Ukitumia 80 juu ya stika nyembamba, kwanza kingo za herufi zinaanza kunyanyuka, kisha upepo unapenya chini yake, na ule mstari uliokuwa umenyooka unaota meno.

Nikupe mfano. Kuna madrasa moja Temeke waliagiza kioo cha mlangoni, jina kwa hati ya Kiarabu juu, Kiswahili chini. Kiarabu kina nukta. Kwenye mchoro ule nukta za herufi ya ta zilikuwa na upana wa milimita tatu, na kati ya nukta na nukta milimita moja. Huo ukanda wa stika wa milimita moja ndio unaoamua mchanga. Nilitumia alumini namba 220, presha psi 30, nozeli nimeisimamisha wima kabisa, mbali na kioo kama shubiri moja, mkono unatembea bila kusimama. Ukilaza nozeli, upepo unachimba chini ya stika upande mmoja na nukta mbili zinakuwa moja. Na ta ikibaki na nukta moja inasomeka nuni, mpaka shehe aje aulize jina hili la nani. Nilipobandua stika, nukta zilitoka zimekaa mbilimbili, kingo kali, ukipitisha ukucha unasikia kidaraja.

Kwa 80 kazi ile isingewezekana. Kwa 120 labda, kwa bahati.

Lakini usitoke hapa ukasema 220 ndiyo bora. Weka 220 kwenye bango la taa uone. Bango la taa linahitaji kina: mwanga unaingia kwenye ukingo wa kioo, unasafiri ndani, na unatoka pale tu unapokutana na sehemu iliyochimbwa. Juu juu ukichora, utapata mwanga wa kuombea. Kwa hiyo kwenye kioo cha milimita 12 nachukua silikoni kabaidi namba 120, nabandika mpira mnene badala ya stika, napandisha presha mpaka psi 60, na nachimba kwa nyuma ya kioo, maandishi yakiwa kinyume. Sehemu inayotakiwa ionekane mbele zaidi ndiyo naifungulia mpira kwanza na kuichimba kuliko zote. Nikimaliza kina, narudia kote kwa 220 presha ya chini, mara moja tu, kulainisha. Bila hiyo pasi ya mwisho, taa ikiwashwa unaona madoa na mistari ya mkono wako yote. Wengi wanairuka kwa sababu mchana haionekani. Bango lenyewe ni la usiku!

Alumini ingechimba pia, ila polepole, na kwenye kina kirefu kila dakika unayoongeza ni dakika ya mpira kulegea. Ndiyo maana kwenye kazi ya kina nakubali kulipa bei ya mweusi, ambayo kwangu imekuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kahawia. Kwa milango ya zahanati na ukungu wa kawaida, yaani kuufanya uso wa kioo uwe mweupe usiopitisha macho, sioni sababu. Alumini namba 150 inamaliza kila kitu. Na ukungu mwembamba wa 150 au 220 unashika alama za vidole kidogo kuliko ule wa 80, jambo ambalo mwenye mgahawa atakushukuru.

Ganeti nimeijaribu. Ni nzuri, haina ile hatari ya kwatzi, lakini ugumu wake unazunguka 7, kazi inakwenda taratibu, na inachakaa mapema. Ufalme wake ni kwenye zile mashine za kukata kwa maji, ambako ganeti namba 80 inachanganywa na maji ya presha kubwa mno na kukata kioo kwa umbo lolote. Shanga za kioo zisahau. Ni za mviringo, zinagonga bila kukwaruza, hizo ni za kusafishia vyuma.

Neno moja kuhusu kioo cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa tanuri, kinachopasuka kikawa chembechembe. Ukungu wa juu juu kinakubali. Kuchimba hakikubali: kila uso wake umebanwa kwa unene wa karibu moja ya tano ya kioo, na ukishavuka hapo kioo chote kinalipuka mbele yako. Bango la kina lichimbe kwanza, lipelekwe tempa baadaye, na muulize mwenye tanuri kina gani anakipokea.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Masika ikiingia, hewa ya kompresa inatema maji, mchanga unagandana, nozeli inakohoa. Chujio la maji kwenye mpira wa hewa ni lazima, na tanki la kompresa limwagwe maji kila asubuhi. Mchanga uliopata unyevu nautandaza juani kwenye bati, au nakaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka uteleze mkononi, halafu nauchekecha. Mwenzangu aliyeko Dodoma ana shida ya kinyume: hewa kavu, alumini inazaa umeme, vumbi linang'ang'ania kioo na kila akigusa kibanda anapigwa shoti. Amefunga waya wa shaba kutoka kwenye nozeli mpaka kwenye nondo aliyoizika ardhini. Shoti zimetulia kiasi. Silikoni kabaidi inamsumbua kidogo kuliko hiyo.

Nozeli nayo inaliwa. Ya kauri haichelewi kupanuka, na tundu likitoka milimita 3 likafika 4, linataka upepo karibu mara 1.8, kompresa inaanza kuhema na wewe unalaumu mchanga. Ukipata ya boroni kabaidi, ambayo hailiwi haraka, nunua.

Kuhusu krimu za asidi za kuchorea kioo na asidi zenyewe, mtaniwia radhi, sizipi nafasi karakana kwangu. Asidi ya haidrofloriki inapita kwenye ngozi, saa nyingine bila maumivu makali mwanzoni, inakwenda kutafuta kalisi mpaka kwenye mifupa. Kompresa ina kelele, lakini kelele naisikia.

Basi, kijana mwenye hela ya mfuko mmoja, chukua alumini ya kahawia namba 150. Itakufanyia ukungu, itakufanyia maandishi ya ukubwa wa kawaida, na ikishazunguka mara kadhaa itakuwa imesagika kidogo, hapo ichekeche, ile laini iweke kwenye ndoo yake kwa herufi ndogo. Mfuko wa pili uwe mweusi namba 120, na usinunue mpaka upate oda ya kwanza ya bango la taa iliyolipiwa nusu. Ndoo ziandike kwa maka peni, mfuniko na ubavuni, maana mifuniko hubadilishana.