Kutwa na matairi, Kongowea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natandika gunia chini ya mwarobaini, kando ya njia ya kuingilia soko la Kongowea, Mombasa. Karai la maji, pampu, msasa, gundi, vijiko viwili vya chuma vya kung'olea tairi, na bunda la matairi makuukuu ya baiskeli. Wapita njia huliona takataka. Kwangu ni akiba.

Saa moja, pancha tatu mfululizo. Mwanafunzi namtanguliza. Kila tairi nalipapasa ndani kwa vidole kabla ya kurudisha tyubu, nao wenyewe huona nawachelewesha. Lakini kigae cha chupa kikibaki mle, hufiki Daraja la Nyali upepo umeshatoka.

Saa tatu: chai, mahamri, mbaazi za nazi.

Saa nne kasorobo anafika kijana wa madafu, anasukuma. Tairi la nyuma limepasuka ubavuni, ufa wa urefu wa kidole gumba, tyubu imechomoza kama puto.

"Fundi, nitilie kiraka niwahi mjini."

"Tyubu yako nzima, kaka. Kilichokufa ni tairi."

Tyubu hushika upepo tu. Mzigo hubebwa na nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira wa tairi, na zake zimekatika. Ufa mdogo wa pale panapokanyaga ningeukingia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kingo nimezichonga zisiikate tyubu, upepo wenyewe ukakibana. Ubavuni hapana: hukunjika kila gurudumu linapozunguka. Kiraka cha hapo ni cha kumfikisha mtu nyumbani, tena bila mzigo. Waya wa mdomoni, ule unaolishika tairi kwenye rimu, ukikatika, hata hicho usitie.

Pesa ya tairi hana. Nikamwambia auzie papa hapa kivulini. Jua la saa sita lilimsaidia. Madafu yakanywewa na wapagazi wa sokoni, panga halikutulia.

Saa nane akaenda dukani, akarudi na tairi la "28". Nikalisoma ubavuni: 622, kipenyo kwa milimita cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Rimu yake ni ya 28 x 1½, yaani milimita 635. Yote mawili huitwa 28, ila milimita kumi na tatu hazivutiki kwa kijiko. Akarudi kulibadilisha, na namba nimemwandikia kwenye boksi la sigara.

Alipokuwa huko nikatafuta kilichompasulia. Nati ya keria ilikuwa imelegea. Madafu yakijaa, chuma kinashuka na kusugua ubavu. Ningelivalisha tairi jipya hivyo hivyo, mwezi usingeisha. Nikakaza, nikatia na washa chini ya nati.

Saa kumi, adhana ya alasiri, tairi likaingia. Nikalizungusha, nikatazama mstari wa ukingoni ukae sawasawa pande zote, nikajaza upepo. Akalibonyeza kwa gumba, akanikatia dafu la mwisho, akapanda akaelekea Kisauni.