Jumamosi ya mwinjilisti Nakivale: siku moja maishani mwangu

Saa 11:30 alfajiri

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, huamka mapema kwa sababu ya maji. Ukichelewa bombani utakuta foleni ya jerikeni. Ndiyo maana ibada ya nyumbani tunaifanya kabla, na haizidi dakika 10. Wimbo mmoja, beti mbili. Mistari mitano hadi minane ya Biblia, si sura nzima. Swali moja. Kimya kidogo, sala fupi, Baba Yetu, basi. Kila mtu ana kazi: mdogo anachagua wimbo, anayejua kusoma anasoma, mwingine anataja mtu wa kuombewa leo. Mtoto asiye na kazi katika ibada ni mtazamaji tu, na mtazamaji huchoka haraka.

Ibada nyingi za nyumbani hazifi kwa kukosa imani, zinakufa kwa urefu. Baba anahubiri dakika 40, watoto wanasinzia, wiki ya pili wanajificha, wiki ya tatu baba mwenyewe anakata tamaa. Kuna na sumu nyingine isiyosemwa sana: mzazi kumgombeza mtoto kwa njia ya sala. «Ee Bwana, mwondolee huyu uvivu na uongo wake wa jana.» Mtoto amefumba macho, lakini anachojifunza hapo ni kwamba Mungu ni fimbo ya baba. Kosa la jana lizungumzwe wakati mwingine, uso kwa uso, na sala ibaki sala.

Saa 2 asubuhi

Kutembelea nyumba. Tatu zinatosha kwa asubuhi moja, nusu saa kila moja, tena kwa miadi, maana Jumamosi ni siku ya shamba na sokoni. Wazazi wengi wananiambia, «Mwinjilisti, mimi sijui kuhubiri.» Jibu langu ni lile lile: «Mama, hatukuombi uhubiri. Soma mistari sita, uliza swali moja, wasikilize.» Asiyejua kusoma asimulie hadithi anayoikumbuka. Watu wetu wa Kivu na Burundi wamekulia penye wasimuliaji hodari, na bibi mmoja mwenye kipaji hicho anafaa kuliko vitabu vingi.

Nyumba yenye madhehebu mawili inahitaji mpango wake. Mama Mkatoliki anamaliza Baba Yetu kwenye «utuopoe maovuni», baba Mprotestanti anaendelea na «kwa kuwa ufalme ni wako», na watoto wanabaki katikati hawajui wanyamaze au waendelee. Wakubaliane mapema, kwa mfano kupokezana siku. Mimi simwambii yeyote aache sala ya kwao.

Saa 4 asubuhi

Hii ndiyo kazi kubwa ya siku: maandalizi na walimu wa shule ya Jumapili. Kesho tunafundisha jinsi Yesu alivyotuliza dhoruba ziwani, Marko 4:35–41. Mwalimu anasoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili akitafuta nani anafanya nini, mara ya tatu akitafuta kinachosikika, kinachoonekana na kinachogusika. Kisha Biblia inafungwa, naye anamsimulia mwenzake bila kutazama. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia. Msimulizi anayesoma kwenye karatasi hawezi kuwatazama watoto, na watoto wasiotazamwa huanza kusukumana.

Kwa wenye miaka 3 hadi 5, hadithi ni dakika 5: kitenge cha bluu kinashikwa pembe nne na kutikiswa, polepole, kwa nguvu, halafu kinatulia ghafla. Pale neno la Yesu linapotamkwa, mikono yote isimame kwa pamoja. Zoezi hili walijaribu leo wenyewe, maana likikosewa kidogo tu linageuka mchezo wa kurushiana kitambaa. Wa miaka 6 hadi 9 wanaigiza mtumbwi, na wengi wao wamewaona wavuvi wa ziwa letu, kwa hiyo hawahitaji picha. Wa 10 hadi 13 wanasoma wenyewe, kisha wanajadili.

Maswali ndiyo huharibika kuliko kitu kingine. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ni «Yesu» kila mara, watoto hujibu kabla hajamaliza, na hakuna anayefikiri. Afadhali: «Ungekuwa ndani ya mtumbwi ule, ungekaa upande gani?» «Kwa nini waliogopa hata baada ya upepo kutulia?» Swali hili la pili limo ndani ya mstari wa 41 wenyewe, lakini wengi hulipita kwa haraka ya kufikia funzo. Liachwe lining'inie. Mtoto akirudi nalo nyumbani ni vizuri zaidi.

Jambo la kuangaliwa sana: baadhi ya watoto hawa, au wazazi wao, walivuka maji wakikimbia. Kelele za dhoruba zisizidishwe, taa zisizimwe, na mtoto asilazimishwe kusimulia aliyoyaona. Akiganda au akilia, mtu mzima anayemfahamu anamkalisha pembeni, mahali panapoonekana na wote, anampa maji na kukaa naye bila kumhoji. Baadaye tunazungumza na mlezi. Sharti letu halina ubaguzi: watu wazima wawili kwa kila kundi, na mwalimu hakai peke yake na mtoto mahali pa siri, hata awe mchungaji.

Saa 7 mchana

Ugali, maharage, na dakika 20 za kulala.

Saa 8 mchana

Kupanga ibada ya kesho na mkalimani. Kiswahili kinatuunganisha Wakongo na Warundi, lakini wapo wazee wa Kinyarwanda na majirani wa Kinyankore. Kiswahili si mgeni katika Injili ya nchi hii: mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, wasomaji wa kwanza walianzia kwenye maandiko ya Kiswahili kabla ya yale ya Kiganda kuchapwa.

Hesabu ni rahisi ila husahaulika: mahubiri ya dakika 15 yakitafsiriwa ni dakika 30. Mhubiri aliyeandaa dakika 30 amekula saa nzima, na watoto wameondoka na akina mama zao. Andiko linasomwa lote kwa lugha moja, kisha lote kwa nyingine. Kukata mstari kwa mstari kunaua hadithi. Katika mahubiri ni kinyume: sentensi fupi, iliyokamilika, kisha kimya. Mhubiri akisema «Yule mwana mdogo, alipokwisha kutapanya mali…» halafu akanyamaza, mkalimani hana la kutafsiri. Majina, namba za mistari na methali mkalimani apewe tangu Ijumaa. Methali hasa, maana haitafsiriki papo hapo.

Saa 10 jioni

Mazoezi ya kwaya. Tunafanya bila spika, kwanza kutunza betri ya sola kwa ajili ya kesho, pili kwa sababu kikuza sauti kinaficha makosa. Kosa la kila kwaya ni kuanzisha wimbo wa waumini juu mno. Kabla ya kuanza, mwongozaji atafute sauti ya juu kabisa katika wimbo, aiimbe mwenyewe, na kama shingo inakaza ateremshe sauti mbili. Wazee na watoto wakishindwa, ibada inakuwa onyesho la kwaya. Wimbo mpya huingizwa kwa wiki tatu: ya kwanza kwaya inaimba peke yake, ya pili waumini wanapokea kiitikio, ya tatu wanaimba wote, na kinanda kinanyamaza ubeti mmoja ili wajisikie.

Saa 1 usiku

Simu za kuwakumbusha wasomaji wawili na mama wa sala ya maombezi. Halafu mkasi. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande 8, hivyo karatasi 20 zinatosha nyumba 160. Kila kipande kina andiko la wiki na swali moja, lile la mstari wa 41. Hatuwapi watoto, maana vipande huishia kuwa ndege za karatasi njiani. Vinakabidhiwa mzazi mlangoni, na swali linatamkwa. Kwa nyumba isiyo na msomaji, swali linarudiwa mara mbili kwa mdomo, na mtoto mmoja wa nyumba hiyo anapewa kazi ya kulikumbusha hadi Jumapili ijayo.