Nilisema Si Kweli

Mwisho wa mwaka 2015 nilikuwa nasomesha skuli ya msingi kusini mwa Pemba, na kazini nilikuwa nikienda kwa Vespa aliyoniachia marehemu baba. Ilikuwa kuukuu na rangi yake imebanduka, lakini bima yake hai, leseni yangu hai, na kofia ngumu nilikuwa naivaa juu ya mtandio kila ninapotoka. Nayatanguliza haya kwa sababu ndiyo niliyoulizwa na kila mtu baadaye, hata na jamaa zangu wa damu: leseni ulikuwa nayo? Kofia ulivaa? Mtu akishakamatwa, watu huanza kumtafutia kosa kabla hawajamuuliza kilichotokea.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Anayeijua Pemba anajua msimu unavyoibadilisha barabara. Kila penye uwazi, mpaka ukingoni mwa lami, pametandikwa majamvi na karafuu zimeanikwa, na harufu yake inakufuata kutoka Chake mpaka Mkoani. Kilo ya daraja la kwanza ZSTC, shirika la biashara la serikali, walikuwa wakiinunua kwa shilingi 14,000, kwa hiyo pesa zipo mikononi, watu wanakwenda mjini na kurudi, gari za abiria zinakimbizana. Askari nao wanakuwa wengi njiani. Wengine wanasaka magendo ya karafuu, wengine ni wa usalama barabarani.

Siku hiyo nilikuwa natoka Chake mchana, nimechukua madaftari ya wanafunzi kwenye mfuko niliouweka mbele ya miguu yangu. Pana kilima kimoja chenye kona, na Vespa ile kilima kama hicho ilikuwa inakipanda kwa gea ya pili, inanguruma lakini haiendi. Nyuma yangu ikaja gari ya abiria ya njia ya 603, ya Chake na Mkoani, imejaa, inapiga honi. Nikajisogeza kushoto. Dereva hakungoja kona iishe, akanipita pale pale. Mbele yake likatokea gari la mizigo linateremka, akarudi kushoto kwa ghafla, mbele ya uso wangu, na magurudumu yake ya kushoto yakapanda ukingoni juu ya jamvi la karafuu. Bibi mmoja aliyekuwa akizigeuza karafuu zake aliruka kando na upawa wake mkononi. Mimi nilifunga breki mpaka nikasimama kabisa. Gari ikarudi barabarani ikaendelea, na nilipoona bibi yule yu mzima, anasema peke yake kwa hasira, na mimi nikaondoka taratibu.

Ng'ambo ya kilima alikuwepo trafiki chini ya mwembe. Gari alishaisimamisha. Kabla sijafika nikamsikia konda, mwili nusu nje ya mlango, anapiga kelele: "Huyo hapo wa Vespa, afande! Katuingilia konani, nusura atuue!"

Askari akanionesha mkono, nikasimama. Sikuwahi hata kuitia Vespa stendi. Akaja, akanyoosha mkono, akaupokonya ufunguo. Vespa ni nzito kwa mtu asiyejiandaa. Ikanilalia mguuni, mfuko ukamwagika, madaftari yakatawanyika barabarani, na kila chombo kilichopita kikayapeperusha. Nikawa nachutama kuyaokota huku yeye amenisimamia.

"Mwanamke na Vespa wapi na wapi?"

"Afande, ile gari ndiyo iliyonipita mimi."

"Nimekuuliza?"

Hakuniuliza, ni kweli. Hakuniuliza pale, hakuniuliza kituoni, na hakuna mahali popote katika karatasi zake alipoandika maneno yangu. Nilipoinua macho, ile gari ya abiria ilikuwa imekwishaondoka. Watu wengi wameniuliza kama dereva alitoa kitu. Nilimwona akinyoosha karatasi zake dirishani na kurudishiwa. Pesa sikuziona, na sitasema niliziona.

Kituoni niliwekwa kwenye benchi tangu alasiri mpaka nikasikia adhana ya magharibi. Nilipoomba kwenda kusali niliambiwa nisubiri. Hatimaye nikaletewa karatasi niitie saini: kwamba niliendesha chombo bila ya hadhari na kuipita gari nyengine kwenye kona. Nikaisoma mpaka mwisho, na kule kuisoma tu kulimuudhi aliyeniletea. Nikasema saini sitii, kwa sababu lililoandikwa silo. Leseni yangu ikabaki kwao, bila ya karatasi yoyote ya kuonesha kuwa wameichukua. Askari mwengine, kijana mpole aliyekuwa kaunta, alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ukisimama mbele ya hakimu sema ni kweli. Utatozwa kidogo, utapewa leseni yako, yaishe."

Nyumbani walikuwa na shauri hilo hilo. Mama alisema hasara ya shilingi inalipika. Ami yangu, aliyekuja kunitia moyo, alisema hakuna aliyeshindana na askari akatoka salama. Nilijua wananipenda. Lakini nilikuwa namfikiria yule dereva. Mimi nikikubali, kosa lake limeshapata mwenyewe, na kesho atampita mwengine kwenye kona ile ile akiwa na watu kwenye gari. Na mimi nitakuwa nimeandikwa mkosaji, siku nyengine nikisimamishwa na haki yangu, atakayenisimamisha ataanzia hapo.

Wasiojua Zanzibar huenda wakadhani ni jambo la kulipa faini ukaondoka. Kwetu wakati ule lilipelekwa mahakamani. Asubuhi ile tulipangwa kwenye mabenchi tukiwa wengi, na kesi zilikwenda mbio. Aliyekutwa bila ya bima: ni kweli. Aliyepakia mtu asiye na kofia: ni kweli. Faini kiasi fulani, ukishindwa Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela yetu. Wengine hawakusimama hata dakika mbili. Zamu yangu ilipofika nikasomewa shtaka chini ya Sheria ya Usafiri Barabarani, Nambari 7 ya mwaka 2003, nikaulizwa ni kweli au si kweli.

Nikasema si kweli.

Karani aliacha kuandika akanitazama. Hakimu akauliza tena, nikasema tena. Nikapewa dhamana kwa saini ya ami yangu yule yule, na kesi ikaghairishwa. Ikaghairishwa tena, kwa sababu shahidi wa upande wa mashtaka hakufika, na tena. Kila siku ya kesi vipindi vyangu vilishikwa na mwalimu mwengine au havikushikwa na mtu. Hiyo ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti, na naamini ndiyo inayowafanya watu wengi waseme ni kweli.

Aliyenisaidia ni msaidizi wa sheria wa shehia ya jirani. Alipata mafunzo yake kwa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kipo tangu 1992 na kina ofisi Chake Chake. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, ufunguo, madaftari, maneno ya "wapi na wapi", sala iliyonipita. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanipa shauri ambalo mpaka leo nawapa watu: "Kesi hii ni ya kona, mwalimu. Mahakamani zungumza kona tu. Matusi na dharau yaandikie barua ya malalamiko, na uiandike mbali na kesi." Akanionesha kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na akaniambia nina haki ya kumuuliza shahidi wa upande wa pili maswali na ya kuleta wangu. Nilikuwa sijui. Nina cheti cha ualimu, nasomesha uraia, na nilikuwa nadhani maswali mahakamani ni ya mawakili.

Shahidi nilikuwa naye mmoja, na hata jina lake sikulijua. Nikarudi pale kilimani, nikapiga hodi nyumba ya karibu na ukingo ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa Vespa?"

Alinikumbuka kabla sijajieleza. Akaingia ndani akatoka na pakacha, akanifunulia. Zilikuwa zile karafuu zilizopandwa na gari, amezizoa na vumbi lake: vichwa vimevunjika, vikonyo vimepasuka, nyengine zimekuwa unga. Karafuu za namna hiyo huwezi kuzipeleka ukapewa bei ya daraja la kwanza. "Pishi mbili hizi," alisema. "Nimeziweka. Nilijua ipo siku mtu atakuja kuniuliza." Nikamwomba aje mahakamani. Akauliza siku gani, basi. Hakuuliza nauli.

Siku ya kusikilizwa askari alifika. Alitoa ushahidi wake kwa sauti ya kujiamini kuwa aliniona nikiipita gari konani. Nilipoambiwa niulize, mikono ilikuwa inanitetemeka, nikaishika meza.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Chini ya mwembe."

"Mwembe uko upande gani wa kilima?"

"Upande wa kuteremkia."

"Kona iko upande gani?"

"Wa kupandia."

"Ukiwa chini ya mwembe kona unaiona?"

Akanyamaza. Hakimu, ambaye alikuwa akiandika kwa mkono neno kwa neno, akamwambia ajibu. Akasema haionekani yote. Nikamuuliza nani alimwambia mimi ndiye niliyepita. Akasema konda. Nikamuuliza konda yuko wapi, na maelezo yake yako wapi. Hayakuwepo.

Kisha akaitwa bibi. Alikuja na buibui lake safi na pakacha lake kichwani, akaapishwa, na alipoambiwa aeleze akaliweka pakacha juu ya meza akalifunua. Chumba chote kikanuka karafuu. Mwendesha mashtaka alitaka kupinga, hakimu akamwashiria akae. Bibi akasema alikuwa na karafuu zake, ameiona gari kwa macho yake, na mimi nilikuwa nyuma nimesimama. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa nini isiwe Vespa ndiyo iliyopanda jamvi, na yeye ni mtu mzima, huenda hakuona vizuri.

Bibi akautanua mkono wake hewani, kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho. "Jamvi ninalo nyumbani, alama haijatoka. Gurudumu lililopita pale ni shubiri nzima. La huyu mtoto," akakunja mkono, akaacha vidole vinne, "halizidi hapa. Mie nimepima."

Hakimu alichukua karafuu moja iliyovunjika, akaitazama, akairudisha pakachani. Hukumu haikuwa ndefu. Upande wa mashtaka haukuthibitisha, mshtakiwa yuko huru, leseni irejeshwe. Ami yangu alikuwa kwenye benchi la nyuma, na nilipogeuka nilimwona anajifuta macho na ncha ya kanzu.

Barua ya malalamiko niliiandika wiki ile ile, kama nilivyofundishwa: tarehe, saa, mahali, nini kilifanywa, nani alikuwepo. Sikuandika kuwa nimeumia moyo. Niliandika kuwa ufunguo ulipokonywa nikiwa bado juu ya chombo, kuwa maelezo yangu hayakuchukuliwa, kuwa leseni ilishikwa bila ya hati, kuwa nilizuiwa kusali, na maneno niliyoambiwa nikayanukuu kama yalivyo. Niliipeleka kwa mkono, nikataka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya muda niliitwa na mkubwa mmoja. Alinipa kiti, alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, umeshinda kesi. Unataka nini tena?"

Nilimwambia kesi ilisema mimi si mkosaji, lakini haikusema kuwa mtu hatendewi vile hata akiwa mkosaji. Wale waliosema "ni kweli" asubuhi ile, wenye makosa ya kweli, nao hawastahiki kupokonywa ufunguo na kutukanwa. Nataka askari yule aniombe radhi, na iandikwe. Akasema litafanyiwa kazi.

Kwa bibi mambo yalikwenda upesi zaidi. Sheha wake, kiongozi wa shehia yao, alimwita mwenye gari, na yeye akaja na dereva. Mbele ya sheha dereva hakukana. Alisema alikuwa anawahi abiria wa boti Mkoani, na kwamba afande hakumuuliza neno kuhusu kona, alitazama karatasi tu. Bibi akalipwa pishi zake mbili kwa bei ya karafuu nzima, akazihesabu noti pale pale barazani mara mbili.

Mimi radhi sijaombwa. Askari yule alihamishwa, sikuambiwa wapi wala kwa nini. Nakala yangu yenye muhuri ninayo, na kila akija mkubwa mpya katika ofisi ile natoa fotokopi nyengine, naandika juu yake tarehe ya siku hiyo, naipeleka tena.